Yoramu Masolwa, Dereva wa Lori la Pamba, na Vidonge Alivyogawana na Omari

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha mashamba na kazi zenu kuja kukaa nasi, familia inaomba mtulie kidogo, na akina mama mlioko jikoni msogee mpate kusikia, ili tueleze marehemu alivyoishi kabla hatujamsindikiza.

Marehemu Yoramu Masolwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 katika kijiji kimoja karibu na Sikonge, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Masolwa na Mama Rebeka, na tangu alipoanza kutembea alikuwa akisikia injini tu anatimka mbio hadi barabarani, akirudi amejaa vumbi kichwa hadi miguu, jambo lililompatia viboko vingi na halikumbadilisha hata kidogo. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1940 hadi 1946, akaishia darasa la sita baada ya baba yake kufariki, lakini alikwisha kujifunza kusoma, kuandika na kupiga tarumbeta, ingawa hilo la tatu alilifanya kwa nguvu zaidi kuliko ustadi, na wanakwaya wenzake waliopo hapa wanalijua.

Mwaka 1948 alianza kazi ya utingo kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwaka 1953 akapata leseni, na mwaka 1959 akaajiriwa na chama cha ushirika kuwa dereva wa lori la pamba kati ya Igunga na Tabora. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alisomba kwaya tatu hadi uwanjani bila kumwuliza mtu yeyote, akakaripiwa kwa ajili ya petroli, akajibu kwamba Uhuru hauji kila mwaka. Ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini, 1974, alihamisha vyombo na kuku wa nusu ya watu mlioketi hapa, na mwisho akaja mwenyewe na familia yake katika kijiji hiki, kwa kuwa Ujamaa kwake haukuwa maneno ya mkutanoni, aliuamini kama alivyoamini breki za gari lake.

Tarehe 17 Agosti 1957 alifunga ndoa na Bibi Apolinaria, baada ya kubembeleza kwa miaka miwili, maana mkwe wake alikuwa Mkatoliki shupavu na hakuona Mmoraviani wa kwenye lori atamtunzaje binti yake. Walijaliwa watoto watatu, Bernadeta aliyezaliwa 1958, Luhende 1961 na Masele 1965, na mkwe huyo ndiye baadaye aliyekuwa akimsubiri Yoramu barabarani na chupa ya asali, akidai eti anapita tu.

Ugonjwa ulianza mwezi Julai 1975, mkono wa kushoto ulipoanza kulegea kwenye usukani, kisha mguu wa klachi, na yeye kwa ubishi wake akamlaumu fundi wa gereji, akabadilishiwa klachi mara mbili kabla hajakubali kwamba kibovu si gari. Tarehe 3 Februari 1977, katika hospitali ya mkoa pale Kitete, daktari alimweleza kwa upole kwamba ana ugonjwa unaokula mishipa ya fahamu inayoamrisha viungo, kwamba misuli itaendelea kunyong'onyea huku akili ikibaki nzima, kwamba dawa yake haijapatikana, ila wako madaktari Dar es Salaam wanaotafuta wagonjwa wa kujaribu nao dawa mpya. Yoramu hakuuliza ataishi muda gani, aliuliza treni ya Dar inaondoka lini.

Huko ndiko alikokutana na ndugu yetu Omari Abbasi, fundi seremala wa Gongoni, pale Tabora mjini, ambaye randa ilikuwa imeanza kumponyoka mkononi, na ambaye babu yake aliingia Tabora na misafara ya zamani akitokea Uzaramo, akaona hakuna haja ya kurudi. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana utani haukosi, hivyo wakiwa bado kwenye benchi la hospitali Omari alikwisha kumwambia, "Babu yangu alikuwa akiwabebesha mizigo ninyi, leo umenifuata hadi kwenye ugonjwa!" Wote wawili walipimwa, wakapuliza mashine ya kupima pumzi, na tarehe 6 Juni 1977 wakakubaliwa, baada ya kuelezwa kwamba nusu ya wagonjwa watapewa dawa yenyewe na nusu vidonge vinavyofanana nayo visivyo na kitu, na kwamba si mgonjwa wala daktari wake atakayejua nani amepata kipi.

Sasa hapo ndugu zangu ndipo marehemu alipofanya jambo ambalo angelifanya yeyote kati yetu. Ndani ya treni ya kurudi walitazama zile chupa mbili, kila mmoja akaona haiwezekani yeye apone na mwenzake afe kwa bahati tu, na kabla hawajafika Itigi wakamimina vidonge vyote kwenye kitambaa kimoja, wakavichanganya vizuri, wakagawana sawasawa, roho zikatulia. Wakaendelea hivyo kila walipopewa vingine.

Tarehe 12 Agosti 1977 Dakta Dionis, aliyekuwa akija Tabora kila mwezi kuwafuatilia wagonjwa wa magharibi, alimwuliza anavyotumia dawa, na Yoramu akamweleza kwa fahari zote, akitegemea kusifiwa. Daktari alivua miwani, akasema, "Mzee Yoramu, sasa hatutajua kabisa kama dawa inafaa." Majina yao wawili yalifutwa, lakini lililomuumiza zaidi ni kwamba wakubwa wa Dar walitaka kuifunga kliniki ya Tabora, wakisema watu wa huku hawatafuata masharti, na wakati huo mama mmoja wa Igunga, Swaumu, mgonjwa kama wao na mwenye mtoto mchanga, alikuwa akisubiri kuandikishwa, naye nauli ya kwenda Dar kila mwezi asingeipata. Yoramu alirudi nyumbani akakataa ugali, akamwambia mkewe, "Mama Bernadeta, nimemfungia mlango mtoto wa watu." Bibi Apolinaria akamjibu kwamba kama ameufunga kwa mkono wake basi aende akaufungue, maana mdomo bado anao.

Akaenda, akiwa hawezi tena kuendesha, ameketi kiti cha abiria katika lori lake mwenyewe, akimsumbua dereva mpya kuhusu gia njia nzima. Alimfuata kila mgonjwa wa kliniki ile hadi nyumbani, akakaa na wakwe, na mashangazi, na majirani wenye maumivu ya kichwa waliokwisha kuanza kuomba kidonge kimoja tu, akawaambia, "Pamba ya kijiji tunaipima pamoja, hii hapana, hii ukimgawia mwenzako umewanyima wote watakaokuja nyuma yenu." Alimleta Swaumu Tabora kwa lori hilohilo, juu ya magunia, na kila kliniki ilipofika alikuwa mlangoni akihakikisha watu wamekuja na chupa zao, hadi Dakta Dionis akaweza kuwaonyesha wakubwa wake kwamba masharti yanafuatwa, na tarehe 20 Januari 1978 kliniki ikaruhusiwa kuendelea na Swaumu akapokelewa. Kwa kuwa Yoramu na Omari walikwisha kufutwa, wakubwa wa Dar walimfungulia daktari siri ya chupa zao, naye alifichua jambo moja tu, kwamba kati ya Yoramu na Omari mmoja alikuwa na dawa na mwingine hakuwa nayo, nani hakusema, na tangu siku hiyo kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mwenzake.

Mwezi Februari 1979 majibu yalitoka, dawa ile haikusaidia. Swaumu alilia, Yoramu naye alilia, kisha akasema kwa sauti iliyokwisha kuwa nzito kwamba angalau dawa moja imeondolewa njiani, hakuna atakayepotezewa muda nayo tena. Jaribio la dawa nyingine lilianza mwezi Mei mwaka huohuo, kliniki ikiwa hapahapa Tabora. Omari, ambaye ugonjwa kwake unakwenda polepole, alikubaliwa pamoja na Swaumu, lakini Yoramu alipuliza mashine mara tatu na pumzi haikutosha.

Siku Omari alipopewa chupa ya kwanza ya dawa hiyo alitoka kliniki moja kwa moja hadi hapa, akajikokota kwa fimbo mbili, akaketi mkekani karibu na marehemu, akafungua chupa na kuanza kuhesabu nusu. Yoramu alikuwa hawezi kusema tena, mikono imelala, ila macho yake yalimkasirikia Omari mpaka Omari akaacha kuhesabu, kisha akausogeza mguu, huo uliobaki na nguvu kidogo, akaisukuma chupa irudi kwa mwenyewe. Bibi Apolinaria anasema hajawahi kuona mtu akipendwa kwa kukataliwa namna ile.

Marehemu alifariki tarehe 3 Oktoba 1979, asubuhi, akiwa nyumbani na watu wake. Familia inawashukuru Dakta Dionis na wauguzi wa Kitete waliomtunza, majirani waliombeba kila Jumapili hadi ibadani, na madereva wenzake wa ushirika waliotuletea lori hili litakalombeba leo, tunaomba tu liendeshwe vizuri, mnajua alivyokuwa.

Yoramu, mwana wa Masolwa, tumekupenda na tunakulilia, pumzika kwa amani, Omari yuko hapa mbele yako, vidonge vya leo amemeza vyote, peke yake.