Uzi wa Mafundo Matatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama una redio jikoni, punguza moto kidogo usije ukaunguza chungu, maana leo nina maneno.

Leo tunamkumbuka fundi picha. Wengi wenu mlimwita Mzee Pua. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane. Ameacha binti mmoja, naye ni mpiga picha. Na mimi siwezi kujifanya namsimulia mtu nisiyemjua, kwa sababu picha aliyonipiga na mama yangu iko ukutani sebuleni kwangu.

Jana binti yake alinipigia simu. Ameniomba nitangaze jambo moja kwa niaba yake. Nitalitangaza. Lakini mkilisikia kabla ya kumjua baba yake, litawapita tu. Kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza hilo jina. Ukiingia studio kwa Mzee Pua, ulikalishwa kwenye kiti cha mbao kisicho na mgongo. Kamera ya filamu ilisimama kwenye miguu yake mitatu. Kutoka kwenye kamera ulitoka uzi mrefu wenye mafundo matatu. Anakupa fundo, anakuambia, "Weka puani." Unaweka. Anasogeza kamera mpaka uzi unyooke, anazungusha pete ya lenzi kwa kidole gumba, kisha anasema, "Achia." Unaachia uzi, unacheka, maana nani asiyecheka akiwa na uzi puani? Hapo hapo anabonyeza. Mara moja tu. Ukimwambia arudie, anakuuliza kama una sura nyingine.

Fundo la kwanza lilikuwa la uso peke yake. La pili, la mtu kuanzia kifuani. La tatu, la familia nzima. Mafundo hayo aliyafunga mkewe. Mkewe huyo huyo ndiye aliyekwaruza pete ya lenzi kwa msumari, mikwaruzo mitatu, kila fundo na mkwaruzo wake. Sisi wateja tuliona ni mbwembwe za studio. Wenye watoto walifurahi, mtoto alikuwa anaacha kulia.

Mkewe alikaa naye kwenye chumba cha giza miaka yote. Mzee anasafisha filamu, mama anaishika kwenye mwanga na kusema ipi imetoka na ipi haikutoka. Watu wakasema, tazama mapenzi hayo. Na kweli mapenzi yalikuwepo. Lakini usione vyaelea, vimeundwa.

Mama alipofariki, binti akashika nafasi yake. Ameniambia baba alikuwa akimpa filamu iliyokauka na kumwuliza, "Niambie unaona nini." Binti akadhani anafundishwa kazi. Anaeleza kila kitu, macho ya bibi harusi, vifungo vya shati, mpaka kivuli cha sikio. Baba anaitikia kwa kichwa.

Kisha zikaja kamera za dijitali, na nyumba ikagawanyika pande mbili.

Wasikilizaji, Mzee Pua alikuwa na maneno kuhusu filamu. Vijana wapiga picha walikuwa wanakuja kumsikiliza. Alisema filamu ina picha thelathini na sita, na mtu anayejua ana thelathini na sita hufikiri kabla ya kubonyeza. Alisema wenye dijitali wanapiga mia mbili halafu wanakaa kuzichambua kama mchele. Alisema filamu ukiiweka sandukuni miaka arobaini unaitoa na kuchapa tena. "Hiyo kadi yako ikigoma," anauliza, "utaishika kwenye mwanga uone nini?"

Binti naye hakuwa na ulimi mfupi. Alisema kwa dijitali kosa unaliona mteja akiwa bado amekaa kwenye kiti, unalisahihisha. Kwa filamu unaliona baada ya siku nne, mteja yuko kwake anasubiri. Tukisema kweli, wote wawili walikuwa sahihi. Ndiyo maana hawakuelewana.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Miaka kumi na moja iliyopita, binti alipaka studio rangi upya. Akafuta vioo, akatupa makopo ya zamani, akatupa na ule uzi. Ulikuwa umekuwa mweusi, ameniambia, pua za miaka thelathini zimeugusa. Akanunua uzi mpya mweupe. Akafunga mafundo matatu kwa kukadiria, kwa sababu na yeye alidhani ni mbwembwe tu.

Wiki hiyo zilikuja familia kumi na sita. Siku ya kusafisha filamu, zote kumi na sita zilikuwa na ukungu. Sura hazikutoka. Kumi na sita, hata moja haikupona.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikwenda kuchukua picha yangu na mama, nikakuta watu wawili kama wamesimama nyuma ya mvuke wa sufuria. Nilimsema yule mzee maneno ambayo leo sipendi kuyarudia. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema pete ya lenzi ilikuwa imelegea, ni kosa lake. Hivyo ndivyo alivyowaambia wote kumi na sita. Mtaani watu wakasema mzee amechoka, apumzike. Wakasema sikio la kufa halisikii dawa.

Na binti yake akasema zaidi. Alimwambia kwamba filamu zake zimewaaibisha. Akahamisha vitu vyake, akafungua studio yake ya dijitali upande wa pili wa barabara. Miaka minne walisalimiana, walikula pamoja kila Jumapili, na neno kamera halikutajwa mezani.

Jumapili moja binti aliamua kujaribu tena. Alikuwa na kamera mbili begani. Akampa baba moja akamwambia atazame picha aliyopiga asubuhi, aone kama dijitali haina kina. Mzee akaishika, akaisogeza usoni, akaishusha. Akasema, "Nzuri. Uso umetoka vizuri."

Binti akaangalia. Alikuwa amempa kamera isiyo sahihi. Hiyo haikuwa na betri. Kioo chake kilikuwa cheusi.

Ameniambia alikaa chini, pale pale sakafuni. Alimwuliza tangu lini. Baba akasema, "Kabla mama yako hajafunga mafundo."

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Pua alikuwa haoni sura za watu. Narudia. Kwa zaidi ya miaka thelathini, fundi picha wetu alikuwa haoni sura. Aliona mwanga. Aliona kama umevaa nyeupe au nyeusi. Kama unacheka alijua kwa kusikia. Umbali aliupima kwa uzi, lenzi aliisoma kwa kidole gumba, na macho yalikuwa ya mkewe, kisha ya binti yake. Alificha kwa sababu nani angekaa mbele ya fundi picha asiyeona?

Na hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya dijitali. Kila mteja angemgeuzia kioo na kumwuliza, mzee, unaionaje? Kwenye filamu kulikuwa na chumba cha giza. Alimwambia binti yake, "Mle ndani, mwanangu, hakuna anayeona. Mle nilikuwa mzima kama wewe." Binti anasema yote baba aliyokuwa akiyatetea kuhusu filamu yalikuwa kweli, ila sababu yenyewe ilikuwa hiyo.

Ndipo binti akaukumbuka uzi. Akasema, baba, ule uzi niliutupa mimi. Mzee akajibu, "Najua. Nilipoushika tu nilijua ni mpya. Nikafikiri umeupima kwa ule wa zamani."

Binti alilia. Alitaka siku ile ile azunguke kwa familia zote kumi na sita awaambie. Baba alimkatalia. "Wewe ni juzi tu umefungua mlango," alimwambia. "Jina langu limeshazeeka, haliumii. La kwako bado changa." Akamwapisha anyamaze maadamu yeye yu hai.

Halafu, kwa sababu alikuwa Mzee Pua, akataka kujua hiyo kamera inafanyaje kazi. Binti akamwonyesha kwamba inatafuta sura yenyewe, na ikishaipata inalia, pii. Mzee akaisikiliza. Pii. Akasogea, pii. Akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naihitaji, na ndiyo niliyoikimbia." Akacheka mpaka akakohoa.

Basi walikuja kwangu, yeye na binti yake, na walikwenda kwa kila familia waliyoweza kuipata. Alisimama mlangoni akasema, "Niliwaharibia. Nimekuja kurudia." Alikuwa na kamera ya dijitali shingoni, na uzi mfukoni. Nilimwuliza uzi wa nini tena. Akasema kamera haiuhitaji, watu ndio wanaouhitaji. Mama yangu akaweka fundo puani, akaachia, akacheka. Pii. Hiyo ndiyo picha iliyoko ukutani. Mama yangu hayupo tena, na hakuna picha yake nyingine akiwa anacheka.

Katika familia tatu kati ya zile kumi na sita, waliotakiwa kurudiwa walikuwa wameshaondoka duniani. Binti anasema baba alikuwa akiwataja hao mara kwa mara.

Alifanya kazi kwa kamera ile miaka sita. Mwaka jana mikono ilianza kutetemeka, akaiweka chini.

Sasa lile jambo nililoombwa. Nalisoma kama lilivyoandikwa. "Picha zile kumi na sita hazikuharibiwa na baba yangu. Niliziharibu mimi, kwa kutupa uzi nisioujua kazi yake. Alibeba lawama yangu kwa miaka kumi na moja. Naomba mliomsema mumsamehe, na mimi mnisamehe." Mwisho wa kusoma. Nimeshasema hewani, binti yetu. Jina la mzee ni safi.

Kwako binti, na kwa ndugu wote, pokeeni pole zetu. Umekuwa macho ya baba yako kabla hujajua unafanya kazi hiyo. Jipumzishe.

Na sisi tuliobaki. Nyumbani kwako kuna mtu anayekataa kitu kipya, na umeshamwita mkaidi. Leo usibishane naye. Kaa naye mumalize chai, kisha umwulize anaogopa nini.

Ile picha ya kwanza, yenye ukungu, niliificha kabatini miaka kumi na moja kwa hasira. Nikitoka hapa studio naenda kuitoa. Nimeshanunua msumari.