Kikundi cha Ndagala Kilivyogeuka Redio ya Vita

Mheshimiwa Papa Shefu, mkubwa wa kartie hii tunayokaa, Mwalimu Odile uliyetufundisha kuuza kwa telefone, wamama wenzangu munaopokea vyeti leo, waume zetu na ndugu wote mulioacha kazi ili kuja kutuona: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao. Masomo yangu si mengi, basi mukisikia neno limepinda, mulinyooshe wenyewe.

Nilipaswa kuwaeleza namna ya kushinda. Lakini nitaeleza namna nilivyopotea, maana yule niliyemkosea amekaa pale, mstari wa tatu, na mtoto magotini. Ni Bertille.

Mimi na Bertille tulianza kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa WhatsApp mwaka elfu mbili na kumi na sita. Yeye alianika, mimi nilipiga picha na kuongea na wateja. Lengo letu lilikuwa moja: ndagala zisizo na mchanga, zifike kila mwezi kwenye shule za bweni za Lubumbashi. Tulijipa miaka mitano. Wateja walikuwa thelathini tu, lakini walikuwa wanarudi.

Kisha vita ikapamba moto upande wa Nyunzu, watu wakaanza kufika hapa na mizigo kichwani. Siku moja nikatuma habari ya vita kwenye kikundi chetu. Kesho yake wakaingia watu arobaini. Nikatuma nyingine, na nyingine, mpaka wakafika mia nne! Mukaniita "redio yetu." Nani hapendi kusifiwa? Lakini niwaulize leo, ninyi mulionisifu: ni nani kati yenu aliyeagiza hata kikombe kimoja cha ndagala?

Mtoto wangu Camille alikuwa na miezi mitatu wakati ule. Nilimnyonyesha huku mkono mmoja ukituma video. Mwanangu alizoea mlio wa bunduki mbele ya kujua jina lake, na mlio ule ulitoka kwenye telefone ya mama yake. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Bertille alinionya. "Wee Emmanuella, tunauza ndagala ao tunauza masasi ya bunduki?"

Nikamjibu, "Acha wivu, dada. Bantu bakikuwa bengi, tutabauzishia ndagala tu."

Basi Papa Cyprien, anayenunua chakula cha shule moja ya Lubumbashi, akaagiza magunia kumi. Shule yetu ya kwanza! Bertille akaanika ufukweni. Asubuhi moja nikasikia milio ya bunduki, nikatuma sauti kikundini bila kuuliza mtu: "Kimbieni, baasi bamefika kwenye daraja la Lukuga!" Hakuna aliyefika. Askari walikuwa wanamzika mwenzao, wakipiga hewani. Lakini Bertille aliamini ile sauti kwa sababu ilikuwa yangu. Alibeba watoto, akaingia boti ya kwanza ya kwenda Moba. Mvua ikanyesha siku mbili, ndagala zote zikaoza pale zilipoanikwa. Papa Cyprien akaandika: "Mama, mimi niliomba samaki, munanitumia video za maiti. Natoka kwenye kikundi." Akatoka kweli.

Mwalimu Odile, ulipotuuliza darasani, "Unachofanya saa hii kinakusogeza wapi?" wenzangu waliandika, mimi nililia. Kikundi kile nimekifuta. Kipya kina wateja saba. Hata asubuhi hii nimetumiwa video, eti ya vita ya Manono. Nimeifuta bila kuifungua, kisha nikaenda kupiga picha ya ndagala.

Bertille, dada yangu, nisamehe. Usinijibu hapa, watu wasikulazimishe kwa makofi yao. Jumatatu nitaanika mwenyewe, ingawa mikono yangu haijui kazi ile kama yako. Ukija, tutaanza kuhesabu upya ile miaka mitano. Usipokuja, nitaanika hata hivyo, na nafasi yako sitampa mtu.

Papa Shefu, Mwalimu, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunitegea masikio mpaka mwisho.