Pascalia Mapenzi Karisa, Aliyesoma Shahada Mbili kwa Mpigo

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Chaani na nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii, poleni na asanteni, mimi ni Kaingu Karisa, kaka yake marehemu, dereva wa trela kwa kazi, na familia imenichagua niwasomee maisha ya mdogo wangu kabla gari halijaondoka kwenda kumzika Kaloleni, nami nitasoma upesi, kwa sababu jua limeshapanda.

Mapenzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 katika hospitali ya Port Reitz, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu mzee Karisa na mama yetu Mbeyu, ambaye yupo hapa mbele, na mama ndiye anayesema kwamba mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kumaliza sahani ya chakula bila kuinuka mara mbili, kila mara ana pahali pa kwenda.

Alianza shule ya msingi hapa Changamwe mwaka 1994, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2001, akaingia sekondari ya wasichana huko Kilifi na kumaliza kidato cha nne mwaka 2005, kisha kuanzia Septemba 2006 hadi Machi 2010 akasomea uuguzi, akarudi nyumbani na diploma yake, tukadhani sasa atatulia, kumbe tulikuwa twajidanganya, maana mwaka 2014 alijiandikisha tena, akasoma shahada ya kwanza huku anakwenda kazini, akaipata Desemba 2017, na picha ya joho mnayoiona kwenye jalada la kijitabu cha mazishi ni ya siku hiyo.

Aliajiriwa Juni 2010 katika zahanati moja ya Mikindani, na Februari 2013 akahamishiwa kitengo cha afya bandarini, kazi ambayo wengi hawaijui, kwamba meli ikifika nahodha hujaza fomu ya kueleza kama ana mgonjwa ndani, na Mapenzi huisoma ile fomu, kisha hupanda ngazi kwenda kuangalia kwa macho yake, kwa kuwa, kama alivyokuwa akisema, karatasi huandika wote wazima na mtu yuko kitandani anatetemeka.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa kanisani na shemeji yetu Mweri Kai, fundi umeme wa Mishomoroni, mtu mpole aliyekubali kuoa upepo, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Lavender, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2015, sasa yuko gredi ya nne, na ndiye huyo aliyekaa karibu na bibi yake.

Sasa nieleze hizo shahada mbili, maana ndizo mnazoniuliza tangu Jumatatu. Tarehe 6 Novemba 2019 Mapenzi alipanda meli moja akakuta baharia mgonjwa, akautambua ugonjwa wenyewe papo hapo, na dawa ilikuwapo hospitalini, mwendo wa dakika kumi, lakini ruhusa ya kumteremsha ilitakiwa kutoka kwa wenye meli, kutoka kwa nchi ya bendera ya meli na kutoka kwa ubalozi wa kwao, wakatupiana barua siku tatu, na siku ya nne yule mtu akafa juu ya maji, nchi kavu anaiona. Mapenzi alikuja kwangu akanena, Kaka, dawa naijua, mlango ndio siujui, na Septemba 2021 akaingia chuo kikuu kimoja cha Nairobi kusomea shahada mbili za uzamili kwa wakati mmoja, ya uhusiano wa kimataifa na ya afya ya umma, moja kwa ajili ya dawa na moja kwa ajili ya mlango.

Tulimcheka. Wazee walimuuliza akimaliza atakuwa nesi au balozi, mama akamwambia mshika mbili moja humponyoka, na mimi nililirudia neno hilo kila alipopita nyumbani na mkoba wake, akinywa chai kwa kusimama, basi la Nairobi linamsubiri.

Julai 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo, akaanza matibabu, na hakuacha kusoma hata wiki moja. Januari 2024 akiwa amelazwa, mimi ndimi niliyekuwa nimeshika simu yake, na mratibu wa masomo akaandika kuuliza kama ataendelea, nami bila kumuuliza mwenyewe, kwa huruma na kwa ujinga, nikajibu kwa jina lake kwamba aondolewe ile ya uhusiano wa kimataifa, ya afya ya umma inatosha, mgonjwa apunguziwe mzigo. Sikujua kwamba masomo yake sita yalikuwa yakihesabiwa pande zote mbili, na kwamba ukiivunja moja, nyingine huacha kuyahesabu na kudai mengine badala yake, kwa hiyo nilidhani nimemtua mzigo, kumbe nimemtwisha masomo sita.

Alijua mwezi wa Aprili. Hakunipigia kelele, alininyamazia siku arobaini na moja, nilizihesabu, akaandika mwenyewe barua za rufaa kutoka kitandani, na Septemba chuo kikamrudisha, lakini mihula miwili ilikuwa imekwenda. Siku ya arobaini na mbili alinitumia ujumbe, Njoo unisomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka na dawa, na kuanzia hapo kila jioni nikishaegesha trela nilikwenda Mishomoroni kumsomea mikataba ya mataifa na sura za tasnifu yake, maneno nisiyoyaelewa, nikikosea ananisimamisha, nikisinzia ananipiga mguu, na habari ya lile jibu langu kwa mratibu hatukuitaja tena.

Aliikabidhi tasnifu tarehe 22 Aprili mwaka huu wa 2025, chuo kikampangia kuitetea tarehe 20 Mei, na tarehe 3 Mei, saa mbili asubuhi, akiwa hospitalini pamoja na mumewe na mama, akaaga dunia akiwa na miaka thelathini na minane.

Kijitabu mlicho nacho, ukurasa wa tatu, kimeandika kwamba alihitimu shahada mbili za uzamili. Kamati iliona hivyo ndivyo heshima, na mzee mmoja alinionya jana kwamba marehemu hasemwi vibaya, nami namjibu kwa adabu kwamba simsemi marehemu, najisema mimi. Hakuhitimu. Bila ujumbe wangu angeitetea kazi yake Oktoba mwaka jana, akiwa bado anaweza kusimama, kwa hiyo naomba mwenye kalamu alikate neno hilo aandike alikuwa akisoma, kwa kuwa mtu aliyepanda ngazi za meli zaidi ya miaka kumi kukagua karatasi za uongo hawezi kuzikwa na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Chaani na Mishomoroni waliopika na kutandika mikeka wiki nzima, na wenzake wa bandarini wakiongozwa na Bi Zuleikha, aliyemshikia zamu zake miezi kumi na minane na kila Ijumaa akavuka feri kutoka Likoni kuja kumkanda miguu. Juzi mratibu wa chuo alipiga simu kuuliza kama familia ingependa tasnifu ipelekwe mbele ya watahini bila yeye, nikafungua mdomo nijibu, nikaufunga, nikampa simu shemeji Mweri, naye akakubali.

Mapenzi, mdogo wangu, nilikusomea kurasa mia mbili na kumi na nne, na neno samahani sikulipata katika hata moja, nami sikulisema langu, nilidhani tuna muda. Samahani. Najua kutulia hukukuweza tangu ukiwa na miezi tisa, lakini leo, kaka yako anakusihi, pumzika, pumzika kwa amani.