Fundi Pindo: Mchana Mikono, Jioni Maneno

Ndugu, majirani na wateja, poleni sana kwa msiba huu, na nyinyi ambao vitambaa vyenu bado viko dukani, msiwe na wasiwasi, mwana wa kwanza wa marehemu atavimalizia.

Kaka yetu, tuliyemzoea kwa jina la Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, bila kung'ara, tuseme ukweli, maana akili yake yote ilikuwa kwenye cherehani ya shangazi. Mwaka 1979 alifungua duka lake mkabala na posta, na huko ndiko alikolipata jina, kwani alikuja binti mmoja kupunguziwa sketi, naye akalikosea pindo makusudi, aliporudi akalikosea tena, hadi binti akang'amua kwamba fundi hashindwi kazi, anamtaka yeye. Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1982, wakajaliwa watoto watatu, na miaka yote hiyo alishona huku akipiga soga, mdomo hauna breki, shemeji akicheka pembeni na pasi mkononi.

Mwaka 2012 mkono wa kulia ulianza kutetemeka, madaktari wakasema ni ugonjwa wa Pakinsoni, dawa zikasaidia kwa muda, kisha fundi wa watu akawa hawezi hata kufunga kifungo cha shati lake, jambo lililomuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Tarehe 9 Juni 2017 alifanyiwa upasuaji, akawekewa nyaya nyembamba kwenye ubongo na kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, cha kupeleka umeme kidogo kidogo, mikono ikatulia, akashona. Lakini jamani, ulimi ukawa mzito. Daktari akaeleza kwamba umeme ukishushwa maneno yatarudi, na kutetemeka nako kutarudi, akampangia ngazi mbili, ya juu na ya chini, kwenye rimoti ya kifaa hicho, achague mwenyewe. Kaka akachagua zote mbili, mchana akashona kimya, jioni akifunga duka anashusha umeme, mikono inaanza kucheza, shemeji anamshikia kikombe cha chai, na soga zinaendelea. Sisi tulimhurumia, yeye wala, alisema ameridhika.

Februari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 21, mikono ikiwa imetulia na sauti haitoki, aliomba rimoti kwa ishara, akashusha umeme, akamwambia mkewe, "Mama watoto, leo sina cha kushona. Kaa tuongee." Shemeji akakaa, akaishika mikono yote miwili, wakaongea mpaka mchana, alipofariki. Walichoongea hajatuambia, nasi hatutamuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kukaa nasi, na mafundi wenzake mliofunga maduka yenu leo. Pumzika kwa amani, kaka, umeshona vya kutosha na umeongea vya kutosha, ingawa shemeji anasema bado.