Tulikubaliana Kwenda Pamoja

Mwaka ulikuwa 2022, mwezi wa pili, asubuhi ya manyunyu na baridi isiyo ya msimu. Benchi letu, lililo kwenye kibaraza cha duka la vipuri, bado lilikuwa na alama nne nyekundu zilizochorwa wakati wa korona ili watu wasikaribiane; rangi ilikwisha kupauka, nasi tulikwisha kurudi kukaa bega kwa bega. Tulikuwa wanne: Breki, dereva wa malori aliyestaafu; Kinyozi; Fundi Saa; na mimi. Kijiwe kilikuwa na kanuni moja: hakuna anayekwenda hospitali peke yake. Akiugua mmoja, tunakwenda wote. Asubuhi hiyo Fundi Saa alikuwa ameinuka kwenda msalani mara ya tatu, na kahawa yake ya kwanza ilikuwa haijapoa.

— Hilo si kojo, ni bomba limepasuka, alisema Breki.

— Acha utani, alijibu Kinyozi. Ananiambia mgongo unamuuma mpaka analala amekaa.

— Barakoa hizo. Miaka miwili mtu anavuta pumzi yake mwenyewe. Ile hewa chafu itaenda wapi? Inashuka.

— Inashuka mpaka kwenye tezi dume?

— Kwani chini kuna nini kingine?

— Mimi nalaumu kule kujifukiza. Blanketi, sufuria la majani, kutwa mara tatu. Mvuke umemlegeza vya ndani.

— Mlijifukiza wote, Kinyozi. Na wewe umelegea?

Kinyozi akabana mapaja.

Fundi Saa alirudi akiambaa na ukuta, akajishusha taratibu kwenye alama yake.

— Mnanisema.

— Tunaisema korona, alijibu Breki.

— Basi korona hiyo ndiyo mimi.

Sote tulijua. Miezi michache kabla ya korona kuingia, damu yake ilipimwa kwa ajili ya tezi dume, na kipimo kikasoma saba, ilhali cha kawaida hakizidi nne. Daktari alimtaka arudi baada ya miezi mitatu, apimwe tena, na ikibidi akatwe kinyama kidogo kikachunguzwe kama kuna saratani. Kliniki ikafungwa. Ilipofunguliwa, mlinzi wa getini aliingiza mgonjwa mmoja mmoja, bila msindikizaji. Tukakubaliana kusubiri siku tutakayoruhusiwa sote. Tuliona huko ndiko kumheshimu mwenzetu.

— Juzi nilitolewa damu, alisema Fundi Saa. Jana nikafuata majibu.

— Ulienda na nani? aliuliza Breki.

— Peke yangu.

Breki aliweka kikombe chini bila kunywa.

— Wamesemaje?

— Wamesema leo nirudi na mtu wa nyumbani.

— Ni utaratibu tu huo, alisema Kinyozi. Siku hizi kila mtu wanamwambia hivyo.

— Wewe walishakwambia? aliuliza Fundi Saa.

Kinyozi akavuta funda la kahawa.

Binti mkubwa wa Fundi Saa alitokea upande wa pili wa barabara, mwavuli mkononi. Alitusalimu mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba, nasi tukamwitikia. Kisha akamfunga baba yake vifungo vya koti.

— Mama anasema miaka yote hii mlikuwa mnasubiri ruhusa ya kuingia naye.

— Ni kweli, mwanetu, nikamjibu. Getini walikataa wasindikizaji.

— Nimeelewa. Ila baba zangu, kwa nini hamkumsindikiza mpaka getini, mkamngoja nje?

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua. Breki alitazama viatu vyake. Kinyozi alimtazama Breki.

— Waache, mwanangu, alisema Fundi Saa. Hata mimi sikuliwaza hilo. Na mteja akiniletea saa iliyokaa mbovu miaka miwili, huwa namgombeza.

Aliushika mkono wa bintiye, akasimama kwa shida.

— Kipimo kimefika ngapi? Breki akauliza kwa sauti ya chini.

— Mia mbili na kumi na mbili.