Supu ya Baraka

Eddah ndiye aliyemwambia Dhahabu kwanza, adhuhuri, wakiwa wameinamia beseni la vyombo nyuma ya hoteli. "Ukisikia Imad akipaza sauti kwenye dirisha la jikoni, 'Supu, ya baraka!', usitazame sufuria. Mpishi anaitemea mate." Wazee wakimbariki mtoto humtemea kidogo utosini, lakini hawa wa hotelini walilichukua jambo hilo la heshima wakalitia uchafu, kwa kila mteja anayethubutu kulalamika. Jioni Dhahabu aliketi kukaanga viazi karai kando ya kijiwe cha wazee, Mtongwe, mtoto mgongoni. Kwenye benchi kahawa ilikuwa imeshamiminwa kwa watatu wa kila siku: Mzee Faki aitwaye Balozi, Kadenge fundi redio aitwaye Injinia, na Gona aitwaye Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, akiwa mshtakiwa.

— Pale hotelini wana ndimi za msumeno, alisema Gona. Juzi naomba kijiko, yule mhudumu Imad aniambia, "Kwani mkono umekatika?"

— Wewe huna sura ya kuheshimiwa, Wakili, akasema Mzee Faki. Mie, wallahi, nikiingia tu, Imad apaza sauti, "Supu, ya baraka!" Natiliwa kwenye chupa ya chai, nampelekea Hafswa wangu. Tangu atoke hospitali, ndiyo pekee anayoikubali.

Kijiko kikamponyoka Dhahabu. Mafuta yakamrukia kifundoni, asisikie.

— Baraka ni uboho huo wanakuongezea, akasema Kadenge.

— Uboho gani, Injinia! akasema Mzee Faki. Ni sadaka. Mwenye hoteli ana nadhiri, amechagua mzee mmoja wa kulisha.

— Sadaka wapi! akadakia Gona. Tajiri yule ana jini, na jini lake halinywi supu ila kwa mdomo wa mzee. Balozi, wewe ni bomba tu.

Wakacheka.

— Chekeni. Kikulacho ki nguoni mwako! Chakula kikikupenda hukuandama mpaka nyumbani.

— Lakini Balozi, mwezi uliopita si uliirudisha, ukasema ya baridi? akauliza Kadenge.

— Niliirudisha, na Imad akanitukana mbele za watu: "Kapashe kwa mkeo!" Tangu siku ile ndipo wakaanza kuniitia baraka. Nikajua wamejuta, masikini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Bramwel, kijana aliyehamia juzi kutoka bara, alikuwa amesimama akingoja viazi vyake.

— Samahani wazee. Hao wafanyakazi, wao wenyewe huinywa hiyo ya baraka?

Mzee Faki akamgeukia Dhahabu.

— Mwanangu, wewe si waosha vyombo pale? Huinywa?

— Abee? akaitika Dhahabu, ingawa alikuwa amesikia.

Akisema, kazi imekwenda, na viazi pekee havikutosha hata unga wa uji wa mtoto. Akaipua karai, akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi hakukata kona ya hotelini. Alipitia buchani, kisha akabisha hodi kwa Mzee Faki, akamkuta anatoka na chupa mkononi. Akamwamkia. Habari za mate alizisema akizitazama ndara za mzee.

— Tangu lini?

— Tangu ulipoirudisha, baba.

Mzee Faki akakaa kizingitini. Dhahabu akampita, akamsalimu Bi Hafswa kitandani, akawasha jiko, akabandika mifupa.