Historia ya Thurman Gaither, Aliyepima Vijana wa Kikapu

Mchungaji Whitlow, shemeji Vernell, ndugu wa kanisa hili na majirani wote, naomba radhi kabla sijaanza, kwa kuwa historia hii nitaisoma vibaya, mimi Roscoe, mdogo wake marehemu, niliyekaa jukwaani miaka thelathini nikiwachekesha watu wenye glasi mkononi, wala sijawahi kusoma karatasi ya tarehe mbele ya kofia nzuri kama hizi, basi nikikosea mnizomee taratibu, maana jeneza liko karibu na mwenyewe alikuwa na masikio makali.

Thurman Odell Gaither alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Gary, Indiana, mtoto wa kwanza wa marehemu Clovis Gaither, aliyefanya kazi kwenye tanuri za chuma, na marehemu Ernestine, na inasemekana mkunga alipomwona alisema, "Mama, huyu kaja na miguu ya kuazima," na kweli, alipomaliza sekondari mwaka 1974 alikuwa akiinama kwenye kila mlango wa mtaa wetu. Alijiunga na chuo cha ualimu huko kusini mwa jimbo, akacheza mpira wa kikapu misimu miwili, goti likavunjika Januari 1976, akahitimu 1978, akarudi nyumbani kufundisha hesabu.

Tarehe 11 Juni 1983 alifunga ndoa na Vernell Pettaway katika kanisa hilihili, wakajaliwa Camille mwaka 1985 na Alton mwaka 1988, na mwaka 1989 timu moja ya kulipwa ikamwajiri kuwa msaka vipaji, yaani kuzunguka vyuoni kuwapima vijana kabla ya drafti, ile siku ya Juni timu zinapochagua wachezaji wapya. Kazi hiyo aliifanya kwa namna yake, hakuufuata mpira, alimwangalia kijana aliyetolewa nje, anakaa karibu na nani, mikono anaiweka wapi, kisha mechi ikiisha alimtafuta mzee anayepiga deki na kumuuliza, "Baba, kati ya hawa nani anakusalimia?" na jibu la mzee huyo aliliandika kwa penseli juu kabisa ya ripoti, juu ya pointi na ribaundi.

Lakini wengi wenu mnamjua kwa sentensi moja, nami sitaizunguka. Jumamosi tarehe 16 Februari 2013, katika ukumbi wa chuo kimoja kidogo, alikwenda kumpima Tavion Beasley, mtoto wa Bi Odessa Beasley, kijana wa miaka ishirini na mbili, urefu wake futi sita na inchi tisa, na katika kipindi cha pili kijana huyo alikuwa akiinama kila mpira ukisimama, ameshika magoti, kichwa chini, na Thurman akaandika kwenye ripoti: "Huyu anaiamkia sakafu, hana moyo wa kupigana." Ripoti za kazi hiyo ni siri, ila kichekesho hakina mlango, na kabla ya Machi kwisha wasaka vipaji wa timu nyingine walikuwa wakisemezana ukumbini, "Vipi, yule muamkia sakafu leo kaamka?" na mwezi Mei, vijana bora walipoitwa Chicago kupimwa mbio, kuruka, na kuwekewa mashine za madaktari kifuani, Tavion hakuitwa.

Hakuchaguliwa kwenye drafti. Tarehe 3 Agosti 2013, akifanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa ili aombe nafasi ng'ambo, aliinama, akashika magoti, hakuinuka tena, na daktari aliyeupasua mwili wake akasema misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa tangu utotoni, na kwamba mashine zile za Chicago zingeliona tatizo hilo.

Siku ya nne Thurman alikwenda kwa Bi Odessa, akasimama kibarazani na kofia mkononi, na mama akamuuliza, "Maneno yale uliyatoa wapi, bwana? Mwanangu alikuwa mgonjwa, wewe ukamwona mvivu?" naye akajibu, "Mkono ulioandika ni huu, mama," na hakukaribishwa ndani. Mwaka 2014 aliacha kazi, akaanza kuzunguka sekondari za wilaya hii kila Jumamosi pamoja na daktari mmoja mstaafu na mashine ya moyo, wakawapima watoto waliocheza na waliokaa benchi, wakawapata wanne wenye ugonjwa uleule, na wa nne alipopatikana Bi Odessa alimpigia simu, akamwambia, "Njoo ule," na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo ya siku hiyo.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa mara mbili, akaomba arudi nyumbani, na Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, Vernell akiwa amemshika mkono, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliofagia theluji mlangoni bila kuombwa, wasaka vipaji wenzake, ambao nawaona wamekaa nyuma kabisa kama kawaida yao, na zaidi ya wote Bi Odessa, aliyekubali kukaa mstari wa pili.

Karatasi ya familia inaishia hapo, na haya mengine Vernell hajayasoma. Bi Odessa, siku ile ya Februari ukumbini nilikuwa kiti cha kando yake, nilikuwa na onyesho mjini humo, nimemsindikiza kaka, na kijana alipoinama Thurman aliacha kuandika, akasema, "Roscoe, kuna kitu hapa, mvivu hapauki midomo namna ile," nami, kwa kuwa ukimya unaniwasha, nikasema, "Ukweli ni kwamba kalelewa vizuri, kaka, anaiamkia sakafu," naye akacheka mpaka penseli ikamponyoka, na alipoiokota aliandika langu, akaliacha lake. Nilikisema kichekesho hicho jukwaani majira yote ya kiangazi hadi tarehe 3 Agosti. Baada ya hapo nilimwomba asinitaje, na Desemba, akiwa kitandani, nilipomuuliza, "Niwaambie?" alinijibu, "Subiri nisiwepo, mdogo wangu, nisije nikakutetea."

Lala sasa, kaka, pumzika, kazi ya kupima imekwisha. Umepima vijana zaidi ya elfu tatu, na watu wanasema ulikosea kumpima mmoja, ni kweli, ulikosea kumpima mmoja, ila si Tavion, Tavion ulimwona, uliyekosea kumpima ni huyu uliyempa kiti kando yako ukidhani ana akili.